Mungu Hakumtuma Mtu Kituo cha Polisi

Acha nisonye kwanza, ndipo niseme. Mtu mzima, mwenye dini yake na akili zake timamu, yuko kwake anatazama runinga. Anamsikia mgeni wa kipindi akisema hamwamini Mungu, na kwamba hata akimkuta yupo, ana maswali mazito ya kumwuliza. Mtazamaji yule haendi kwa padri wake kumwambia, "Baba, hili tunalijibuje?" Anakwenda kituo cha polisi kuandikisha malalamiko, ili dola imshughulikie mgeni kwa niaba ya Muumba wa mbingu na nchi.

Haya yalitokea Ayalandi, mjini Ennis, mwaka 2015. Nayaleta hapa kijiweni kwa sababu kila runinga inapomleta mtu asiye na dini, wa kwanza kufungua mdomo huuliza, "Serikali imemwachaje huyu?" Mzee wangu mmoja, mtu wa swala tano, ninayempenda na kumheshimu, ndiye huanza. Hata shikamoo sijaimaliza, tayari ana hoja: uhuru gani huo wa kumtukana Mungu hadharani? Basi leo namjibu kwa kirefu, tena namjibu kama mtu wa kanisani, maana mimi nami nasali na jina la Mungu si mchezo kwangu.

Kipindi chenyewe kiliitwa The Meaning of Life, cha RTÉ, shirika la utangazaji la taifa la Ayalandi. Mwendeshaji alikuwa Gay Byrne, mkongwe ambaye vizazi vya Waayalandi vilikua vikimwona. Aliendesha The Late Late Show kuanzia 1962 hadi 1999. Mgeni alikuwa Stephen Fry, mwigizaji na mwandishi wa Uingereza, asiyeficha kwamba haamini. Mahojiano yalirushwa tarehe 1 Februari 2015. Byrne akamwuliza: haya, tuseme yote ni kweli, umekufa, umefika kwenye lango la mbinguni, Mungu huyu hapa mbele yako. Utamwambia nini?

Fry hakupepesa macho. Angemwuliza kuhusu saratani ya mifupa kwa watoto. Angemwuliza alithubutuje kuumba dunia yenye mateso kiasi hiki ambayo si kosa letu. Akamtaja mdudu ambaye maisha yake yote ni kuchimba macho ya watoto na kuwapofusha. Akasema miungu ya Wagiriki wa kale angewaelewa zaidi, kwa sababu wale hawakujidai kuwa wema mtupu. Maneno makali? Makali sana. Ukiutazama uso wa Byrne unaona yalivyomwingia. Lakini mzee yule hakumkatiza mgeni wake. Aliuliza, akasikiliza jibu, akauliza tena. Video ikazunguka dunia, mamilioni wakaitazama.

Sasa, Ayalandi wakati huo ilikuwa na sheria ya kukufuru. Katiba yao ya 1937 iliagiza kukufuru kuwe kosa, na Sheria ya Kashfa ya 2009, kifungu cha 36, ikaweka faini ya hadi yuro 25,000 kwa atakayetoa maneno ya matusi makubwa juu ya kitu kitakatifu cha dini yoyote, akikusudia kuwaghadhabisha waumini wengi wa dini hiyo, na kweli wakaghadhabika. Shikeni hapo kwenye "waumini wengi". Mtu wa Ennis akaandikisha maelezo yake. Kimya. Mwishoni mwa 2016 akamwandikia mkuu wa polisi wa nchi kuuliza suala lake limefikia wapi, na baadaye mpelelezi akampigia simu. Mei 2017 gazeti likafichua kwamba Fry anachunguzwa, dunia ikashika kichwa, na siku chache baadaye polisi wakafunga jalada. Sababu? Hawakupata watu wa kutosha walioghadhabika.

Nchi ile, yenye parokia kila kijiji! Na mlalamikaji mwenyewe alieleza kwamba yeye binafsi hakuumizwa na yale maneno. Aliona tu sheria imevunjwa na kwamba raia mwema huripoti. Hapo ndipo ninaposonya, mzee wangu. Kama umeumia, umeumia, nitakaa nawe tuzungumze hadi usiku. Lakini kama hukuumia, ulikwenda polisi kumtetea nani?

Mzee hujibu kwamba Mungu ana heshima yake na lazima ilindwe. Sawa, tufungue kitabu. Tumchukue Ayubu, kwa sababu yeye yumo kwenye Biblia na yumo kwenye Qur'ani. Katika Biblia mtu huyu amefiwa na watoto kumi, mali imekwisha, mwili umejaa majipu. Naye anasema. Anailaani siku aliyozaliwa. Anamtaka Mungu aje wakabiliane kama watu walio mbele ya hakimu. Marafiki zake watatu wanashtuka na kuanza kumtetea Mungu: haiwezekani uteseke bure, lazima una dhambi umeificha. Wanamtetea sura baada ya sura, kwa maneno matamu ya kidini ambayo ukiyasikia mimbarini leo utasema amina. Na mwisho wake nini? Sura ya 42, Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu. Wanatakiwa watoe sadaka, na Ayubu ndiye awaombee. Watetezi wa Mungu ndio waliokemewa! Na kwa upande wa mzee wangu, Nabii Ayyub ni kielelezo cha subira, lakini subira yake haikuwa ububu. Sura ya Al-Anbiyaa inaeleza alivyomwita Mola wake na kumwambia dhara limempata, na Mola akamwitikia.

Mzee ataniambia Fry si Ayubu. Kweli kabisa. Ayubu aliuliza akiwa amemshika Mungu mkono, Fry aliuliza akiwa ameuachia zamani. Tofauti hiyo ni kubwa na siifuti. Lakini swali ni lilelile, na swali la mtoto anayeteseka halipungui uzito kwa sababu aliyeliuliza haendi kanisani.

Tena kwetu swali hilo si la kinadharia. Yule mdudu wa Fry, ukimtafuta hapa Tanzania, nenda Mahenge, wilaya ya Ulanga. Kule kuna usubi. Inzi mdogo mweusi anazaliana kwenye mito iendayo kasi, anamuuma mtu, anamwachia minyoo. Minyoo ikikomaa inazaa vijiminyoo visivyohesabika vinavyotembea chini ya ngozi, vinawasha hadi mtu anajikuna usiku kucha, na vikifika machoni vinaharibu taratibu mpaka giza linaingia. Wengi huambukizwa wadogo na kupofuka ukubwani. Na Mahenge hiyohiyo kuna kifafa kwa watoto kuliko kawaida, kikiwamo kile cha kutikisa kichwa, na wataalamu wamekihusisha na minyoo hiyohiyo. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani anaanza kuanguka, anaungua jikoni, anaachishwa shule, na baadhi ya majirani wanasema ni pepo au laana. Mama wa mtoto huyo akimwuliza Mungu, "Kwa nini?" utampeleka polisi? Huthubutu. Sasa kwa nini Fry akiliuliza kwa niaba ya watoto kama hao iwe jinai?

Na tusiseme hapakuwa na muumini aliyejua la kufanya. Mwezi uleule wa Februari 2015 Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana, alisema hadharani kwamba Fry ana haki ya kusema aliyoyasema bila kutukanwa na Wakristo waliochukizwa, kama Wakristo walivyo na haki ya kumtangaza Yesu Kristo. Huyu Welby alimzika binti yake mwenye umri wa miezi saba, aliyekufa kwa ajali ya gari huko Ufaransa mwaka 1983. Kama kuna muumini aliyekuwa na ruhusa ya kuumizwa na mazungumzo ya watoto wanaokufa, ni yeye. Mambo mengine ya uongozi wake yana lawama zake, na mwaka 2024 alitangaza kujiuzulu kwa jinsi kanisa lilivyoshughulikia unyanyasaji wa vijana, hilo silifuniki. Kwa hili la Fry, alisimama mahali pake.

Majirani zetu Wakenya nao wana yao. Chama cha wasioamini, Atheists in Kenya, kilisajiliwa Februari 2016 baada ya kukataliwa mara ya kwanza. Viongozi wa dini wakapiga kelele. Aprili mwaka huohuo usajili ukasimamishwa kwa hoja ya amani na utulivu wa nchi. Amani ipi iliyokuwa imevunjwa? Duka gani lilichomwa na wasioamini? Nani alipigwa? Mwenyekiti wao, Harrison Mumia, alikuwa akikaa kwenye kiti cha runinga, anaulizwa, anajibu. Hilo ndilo lililoitwa hatari. Na Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo dibaji yake inakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, ndiyo hiyohiyo inayosema katika kifungu cha 8 kwamba hakuna dini ya taifa, na katika cha 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Kila mtu, jamani! Haikusema kila mtu isipokuwa anayetuudhi Jumapili. Sensa ya 2019 iliwahesabu zaidi ya 750,000 waliosema hawana dini, katika watu milioni 47 na ushei. Hao wana mama, wana shangazi, na pengine wanakaa mezani Krismasi na Idi wakila nasi pilau.

Halafu sikilizeni lililotokea Mei 2021. Chama kikatangaza kwamba katibu wake amejiuzulu kwa sababu amempata Yesu Kristo. Wenzake wakamshukuru kwa utumishi wake na kumtakia heri. Hakuna polisi aliyemleta kanisani. Hakuna barua ya msajili iliyomwokoa. Ukitaka kujua mtu anarudije kwa Mungu, huyo hapo: aliachwa afikiri, asikie, aamue. Mchungaji aliyepiga kelele 2016 kwamba wafungiwe angemwita mtu yule adui wa taifa. Kumbe alikuwa anamfungia mlango kondoo aliyeko njiani.

Najua hoja nzito ya mzee wangu, na sitaki kuikwepa. Anasema: mwanangu, wewe hukumbuki Mbagala? Nakumbuka. Oktoba 2012, hapa Dar es Salaam, watoto wawili walibishana, mmoja akadaiwa kuukojolea msahafu, na makanisa yakavamiwa na kuchomwa. Mzee anasema ndiyo maana sheria inatakiwa, ili watu wawe na mahali pa kupeleka hasira zao badala ya barabarani. Hoja hiyo ina uzito, na anayeisema ameishi miaka mingi na majirani wa dini mbili kwenye uwanja mmoja. Lakini mzee wangu, sheria ilikuwapo! Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 129, inafanya kosa kutamka neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu, na adhabu yake hufika kifungo cha mwaka mmoja. Kifungu hicho hakikuzuia jiwe hata moja Mbagala. Mimi naona kinafundisha kinyume: kwamba hasira ni ushahidi. Ukitaka kesi yako iwe na nguvu, kasirika, na uwakusanye wengi wakasirike nawe. Ayalandi iliyaandika hayo waziwazi kwenye kifungu chake, ndiyo maana polisi wao wakajikuta wanawahesabu wenye hasira.

Na maneno hayo ya Ayalandi hayakubaki Ayalandi. Mwaka 2009 Pakistani iliyachukua na kuyapeleka Umoja wa Mataifa ikipigania dunia nzima iweke sheria kama hizo. Tunajua kule inavyokuwa. Mwaka huohuo wa 2009 Asia Bibi, mwanamke Mkristo, kibarua wa shambani, aligombana na wenzake kwa sababu ya kikombe cha maji; walisema amekitia najisi. Akashtakiwa kukufuru, na 2010 akahukumiwa kunyongwa. Gavana wa Punjab, Salmaan Taseer, Mwislamu, alimtetea. Januari 2011 akauawa kwa risasi na mlinzi wake mwenyewe. Waziri Shahbaz Bhatti, Mkristo, akauawa Machi. Mama yule akakaa akisubiri kamba hadi tarehe 31 Oktoba 2018, Mahakama ya Juu ilipomwachia huru. Niambieni, katika watu hao watatu nani alikuwa haamini Mungu? Hakuna hata mmoja. Sheria hizi zinapitishwa kwa jina la kumzuia asiyeamini, halafu zinamwangukia anayeamini tofauti na jirani yake. Leo wewe ni wengi, unaipenda. Kesho umehamia mji ambako wewe ni wachache, na sala yako yenyewe ndiyo kufuru.

Siku tano tu kabla ya mama yule kuachiwa, tarehe 26 Oktoba 2018, Waayalandi walipiga kura kuliondoa neno la kukufuru kwenye katiba yao, na karibu asilimia 65 wakasema liondoke. Maaskofu wa Kikatoliki walikuwa wamekwisha kusema kabla ya kura kwamba kifungu hicho kimepitwa na wakati, na kwamba sheria za namna hiyo zinaweza kutumika kuhalalisha ukatili dhidi ya walio wachache kwingineko duniani. Maaskofu wenyewe! Hata Nyuzilandi, waliposoma habari za Fry wakagundua wana kosa kama hilo limelala kwenye vitabu vyao, wakalifuta 2019. Makanisa yalibaki yamesimama, kengele zinapigwa.

Sisemi kila neno liruhusiwe. Mtu akija mlangoni mwa msikiti wakati wa swala akaanza kuwazomea wanaosali, huyo anashughulika na watu, anawavunjia haki yao, na aondolewe. Mtu akisema runingani kwamba Waislamu wote au Walokole wote wafukuzwe mtaani, huyo anachochea, na achukuliwe hatua. Hayo ni ya kumlinda binadamu aliye hai, anayevuja damu akipigwa. Kusema "siamini, na sababu zangu ni hizi" ni jambo jingine kabisa, na anayechanganya mambo hayo mawili kwa makusudi anajua anachofanya.

Na vituo vya runinga navyo nina neno navyo. Wakati mwingine mtu huyu asiyeamini haitwi asikilizwe, anaitwa asulubiwe. Misri, Februari 2018, kituo kimoja kilimwita kijana aeleze kwa nini haamini. Kabla hajafika mbali mtangazaji akawaomba radhi watazamaji kwa kumleta, akamfukuza kipindini na kumwambia aende moja kwa moja hospitali ya wagonjwa wa akili. Shehe mkubwa aliyekuwa amekaa pale, badala ya kumrudisha kijana kitini na kumwambia, "Kaa, mwanangu, tuzungumze," naye akasema anahitaji matibabu. Sina haja ya kuuliza kijana yule alitoka pale akiiwazia nini dini. Mlinganishe mtangazaji yule na Gay Byrne, aliyelelewa Mkatoliki, aliyesikia maneno makali zaidi ya hayo na akabaki mwenyeji hadi dakika ya mwisho.

Kwa hiyo ombi langu kwa vituo vyetu, na mzee wangu amekubali nusu yake, ni hili. Tengeni jioni moja ndefu, si asubuhi ya Jumapili wala dakika tano baada ya michezo. Mwiteni shehe, mwiteni padri, mwiteni mchungaji, na mwiteni mtu asiyeamini, mmoja mwenye akili na ulimi wake. Asiwekwe mmoja dhidi ya watatu wakimkatiza. Kila mtu apewe dakika zake. Swali liwe moja, la watoto wa Mahenge: mtoto huyu kafanya nini? Anayetaka kulalamika baada ya hapo aandike kituoni adai zamu yake ya kujibu, na apewe. Na nusu ambayo mzee wangu bado anaibishia ni mgeni wa tano: yule muuguzi anayepanda milima ya kule na sanduku la vidonge vya usubi, anayepima watu urefu kwa fimbo ili ajue wapewe vidonge vingapi, anayerudi tena mwaka unaofuata. Mzee anasema huyo si mtu wa dini, atajibu nini? Mimi nasema aulizwe anaamini nini, na aachwe amalize.